Maji Kwanza, Moto Baadaye: Kufundisha Ufungaji na Uwashaji wa Mtambo wa Maji ya Moto wa Nyumbani

Mwalimu wa kazi za ufundi ana mzigo ambao mwenzake wa masomo mengine haubebi kila siku. Mwanafunzi wa historia akisahau mwaka, hupoteza alama. Mwanafunzi wa ufundi akisahau hatua moja, kosa lake hubaki ukutani au juu ya paa, likimngoja mtu ambaye hakuwamo darasani. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuwaeleza walimu wenzetu namna tunavyofundisha somo la mtambo wa maji ya moto, na jinsi tulivyolazimika kulibadili baada ya kosa ambalo asili yake ilikuwa kwetu sisi wakufunzi.

Somo lenyewe si geni katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Njombe, Makete na Mufindi hupata baridi kali mwezi Juni na Julai, na asubuhi nyingine majani huonekana meupe kwa umande ulioganda. Zipo nyumba nyingi za walimu, za misheni na za mashamba ya chai ambazo nyuma yake pana pipa lililolazwa juu ya meko ya matofali: kuni huwashwa nje, maji ya moto yakatoka bafuni na jikoni. Tangu mkondo wa amali ulipoanza katika shule za sekondari mwaka 2024, kufundisha kazi za aina hii kumekuwa wajibu wa walimu wengi zaidi, hata wale ambao wao wenyewe walifundishwa kwa chaki na ubao peke yake.

KOSA LILILOTUFUNZA

Miaka michache iliyopita tulifunga mtambo kama huo pamoja na wanachuo, katika nyumba ya mkufunzi mmoja. Tulifundisha kwa desturi tuliyoizoea. Tuliandika hatua kumi na mbili ubaoni, wanachuo wakazinakili, wakazikariri, kisha wakazifuata. Kazi ilipendeza. Katika mtihani wa kuandika, mwanachuo mmoja alizitaja hatua zote kumi na mbili bila kukosa hata moja. Tulimpa alama zote, tukamkabidhi zamu ya kuwasha moto.

Wiki ya tatu, jioni, mwenye nyumba alituita kwa haraka. Pipa lilikuwa likinguruma, na pande zake mbili zilizokuwa bapa zilikuwa zimetuna kama tumbo. Tuliwaondoa watoto uani, tukazivuta kuni zote kwa ufito mrefu, tukakaa mbali hadi pipa lilipopoa. Hakuna aliyeumia. Asubuhi tulipanda juu ya paa, tukaona kwamba mdomo wa bomba la pumzi umezibwa kwa gunzi la mahindi, tena limegongwa likakaza. Na koki ya bomba la maji baridi ilikuwa imefungwa tangu mchana, kwa kuwa kulikuwa na mtu akisafisha tangi.

Tulimwita mwanachuo wetu. Hakuficha neno.

"Mwalimu, bomba lile lilikuwa likidondosha maji juu ya paa kila moto ulipokolea. Niliona ni uharibifu wa maji."

"Lakini wewe mwenyewe uliandika katika mtihani kwamba bomba hilo sharti liwepo."

"Ndiyo, Mwalimu. Mlitufundisha kuliweka. Hamkutufundisha ni la nini."

Hatukuwa na jibu. Zaidi ya hayo, tulipopima tuligundua kwamba bomba lilidondosha maji kwa sababu sisi tulilikata fupi. Mwanachuo alikuwa ameona hitilafu ya kweli. Alichokosa ni maarifa ya kuitambua. Tangu siku hiyo tumeshika kanuni moja: hakuna hatua inayoandikwa ubaoni pasipo sababu yake kuandikwa kando yake, na mwanafunzi hapewi spana kabla hajaweza kueleza safari ya maji kutoka tangini hadi bombani.

MADHUMUNI YA SOMO

Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze: kuchora njia ya maji na njia ya hewa katika mtambo, kueleza kwa nini bomba la pumzi halizibwi kamwe, kujaza mtambo na kuutoa hewa, kuwasha moto wa kwanza kwa usalama, na kumfundisha mwenye nyumba mambo ya kuchunguza kila siku. Sisi hutumia vipindi viwili vya dakika 40 kwa majaribio, kisha siku mbili za kazi ya mikono.

MAJARIBIO MATATU KABLA YA SPANA

Vifaa vya majaribio haya havihitaji maabara.

Jaribio la kwanza: maji ya moto hutaka nafasi. Jaza chupa ya soda ya kioo hadi mdomoni kwa maji baridi yaliyotiwa wino. Izibe kwa kizibo kilichopitishwa mrija mwembamba wa kalamu, kisha isimamishe katika bakuli la maji ya moto. Baada ya muda mfupi maji yenye rangi hupanda mrijani. Mwalimu asiseme neno. Awaulize wanafunzi maji hayo yametoka wapi, hali hakuna aliyeongeza. Wakishaelewa, wape hesabu. Maji lita 200 yakipashwa kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 90 za Selsiasi, huongezeka kwa takriban lita 7. Je, katika pipa lililozibwa kila upande, lita hizo 7 zitakwenda wapi?

Jaribio la pili: maji ya moto hukaa juu. Chukua chupa mbili zinazolingana, moja ya maji ya moto yenye rangi, nyingine ya maji baridi. Funika mdomo wa chupa ya moto kwa kadi ngumu, uipindue juu ya ile ya baridi, kisha uivute kadi polepole. Rangi hukaa juu, wala haishuki upesi. Rudia kwa kuweka ya baridi juu: mara moja maji huchanganyika. Hapo wanafunzi huona wenyewe kwa nini bomba la maji baridi huingia chini ya pipa, na la maji ya moto hutokea juu yake.

Jaribio la tatu: hewa huziba njia. Chukua ule mpira mwangavu ambao waashi hutumia kupimia usawa. Uinue katikati ufanye nundu, kisha mimina maji kidogo kidogo upande mmoja. Hewa itanaswa katika nundu, na maji yatasimama ingawa njia i wazi. Ushushe mpira uwe na mteremko mmoja, hewa itatoka. Mwanafunzi aliyeliona jambo hili hatahitaji kuambiwa mara mbili kwamba bomba lisipandishwe na kushushwa ovyo.

KUFUNGA MTAMBO

Pipa. Pipa la lita 200 ndilo litumikalo zaidi. Lisiwe lililobeba dawa za wadudu, kwani sumu hubaki. Pipa lililobeba petroli au mafuta mengine lisichomelewe kamwe na wanafunzi, maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani huweza kulipuka moto wa kuchomelea unapoligusa. Ikiwa fedha zapatikana, pipa lililoundwa kwa bati nene hudumu zaidi, kwa kuwa bati jembamba huliwa na kutu mapema. Chini yake iwekwe koki ya kutolea tope.

Meko. Matofali ya kuchoma yanayoguswa na moto yaunganishwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, kwa kuwa saruji ya kawaida hupasuka kwa joto kali. Meko yawe nje ya nyumba, na dohani ipande kupita paa. Moshi wa kuni huwa na hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu katika vyumba vilivyofungwa.

Tangi la maji baridi. Kitako chake kiwe juu kuliko bomba la juu kabisa la nyumba, ili maji yashuke kwa uzito wake yenyewe. Mwanafunzi akumbushwe kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 500 ni nusu tani, na jukwaa lake lijengwe kwa kadiri hiyo. Bomba la kwenda pipani litoke sentimeta 5 juu ya kitako cha tangi, ili tope lisifuatane na maji.

Bomba la pumzi. Hiki ndicho kiini cha somo. Bomba hili huanzia juu ya pipa, mahali pale pale patokeapo maji ya moto, likapanda moja kwa moja hadi juu ya tangi, kisha likapinda na kuelekeza mdomo wake ndani ya tangi, juu ya usawa wa maji. Bomba la kwenda bafuni na jikoni huchipuka kutoka kwake kama tawi. Upana wa bomba la pumzi usipungue robo tatu ya inchi, na katika safari yake yote lisiwekwe koki wala kizibo.

Limpite maji ya tangi kwa kiasi gani? Kanuni ya mafundi ni sentimeta 15, pamoja na sentimeta 4 kwa kila meta ya kimo kutoka pipani hadi usawa wa maji tangini. Kwa kimo cha meta 3, basi, ni sentimeta 27. Mwalimu asiitoe kanuni hii kama amri. Awarudishe wanafunzi kwenye jaribio la kwanza: maji ya moto hupanuka na kuwa mepesi, hivyo maji yaliyomo katika bomba la pumzi husimama juu kidogo kuliko maji baridi ya tangini yanayolingana nayo kwa uzito. Kwa kimo cha meta 3, tofauti hiyo hufikia takriban sentimeta 10 maji yanapokaribia kuchemka. Bomba letu la kwanza lilipita usawa wa tangi kwa sentimeta 5 tu. Kumbe lilikuwa halina budi kudondosha!

Koki ya maji baridi. Koki kati ya tangi na pipa husaidia wakati wa matengenezo, lakini ikifungwa moto ukiwaka huziba njia mojawapo ya maji kupumulia. Sisi huondoa mpini wake baada ya kazi na kumkabidhi mwenye nyumba, naye huurudisha moto ukiwa umezimwa kabisa.

KUJAZA NA KUTOA HEWA

Kabla ya kujaza, koki zote za maji ya moto zifunguliwe, kwa kuwa maji hayawezi kuingia mahali ambapo hewa haijaondoka. Kisha maji yaruhusiwe kuingia polepole. Kwanza itasikika hewa ikitoka, halafu maji yatatema na kukohoa, mwisho yatatiririka sawasawa. Koki ya chini kabisa ifungwe kwanza, kisha inayofuata juu yake, hadi ya mwisho. Maji ya mwanzo, yenye mchanga na vipande vya katani ya kufungia viungo, yamwagwe.

Mtambo ukishajaa, uachwe usiku mzima bila moto. Asubuhi kila kiungo kipapaswe kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, kiungo kinavuja. Kuvuja kwa baridi hurekebishwa kwa urahisi. Kuvuja kwa moto huunguza mikono.

KUWASHA MOTO WA KWANZA

Hapa ndipo penye msemo tuliouandika kwa rangi juu ya mlango wa karakana yetu: Maji kwanza, moto baadaye. Kabla ya kiberiti, mwanafunzi achunguze mambo matatu na kuyataja kwa sauti.

La kwanza, maji yanatoka katika koki ya maji ya moto. Kwa kuwa bomba hilo hutokea juu ya pipa, maji yakitiririka ni dalili kwamba pipa limejaa. La pili, mdomo wa bomba la pumzi u wazi. Autazame kwa macho yake, asiambiwe. La tatu, koki ya maji baridi i wazi.

Moto wa siku ya kwanza uwe mdogo, wa vijiti, nao uendelee hivyo kwa siku kadhaa ili udongo wa meko ukauke bila kupasuka. Baada ya nusu saa, mwanafunzi asogeze mkono karibu na mabomba pasipo kuyashika. Bomba la juu lapaswa kuwa na joto, na bomba la maji baridi libaki baridi mahali linapoingilia. Viungo vikaguliwe tena, kwani chuma nacho hupanuka.

Lengo ni maji ya nyuzi 60 hivi, wala hakuna haja ya kuyachemsha. Mwanafunzi afahamu kwamba maji ya nyuzi 60 huweza kuunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa muda wa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo katika karai la kuogea hutangulia maji baridi, kisha ya moto. Tena wanafunzi wa nyanda za juu wasingoje kipimajoto kisome 100. Mahali penye kimo cha meta 1,900 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi.

Hesabu ya kuni hufaa sana hapa. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 60 huhitaji takriban kilojuli 37,800. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli 16,000 hivi. Yaonekana kilo mbili na nusu zingetosha; lakini katika meko ya kawaida sehemu kubwa ya joto hupotea kwa dohani na kuta. Ikiwa robo tu ya joto huingia majini, ni kilo 10 hivi. Wanafunzi wazipime kuni kwa mizani, kisha wajadili namna ya kupunguza hasara hiyo.

HITILAFU NA SABABU ZAKE

Maji hayatoki bombani ingawa tangi limejaa: aghalabu hewa imenaswa katika nundu ya bomba. Bomba la pumzi ladondosha: moto umezidi, au bomba ni fupi, au boya la tangi limeruhusu maji kupanda mno. Dawa ni kuondoa sababu hizo. Mdomo wa bomba usiguswe. Pipa languruma: maji yanachemka, punguza kuni, fungua koki ya maji ya moto kwa uangalifu. Maji yana rangi ya kutu: fungua koki ya tope pipa likiwa limepoa.

Liko jambo moja ambalo lazima lirudiwe hadi liingie damuni. Ikigundulika kwamba pipa limekauka na moto unawaka, maji baridi yasitiwe. Yakigusa chuma chenye moto mkali hugeuka mvuke mara moja, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Zivutwe kuni, watu waondoke, pipa lipoe lenyewe.

Wanafunzi wengine watauliza kuhusu mitambo iliyofungwa kabisa, kama inayotumika katika nchi za baridi. Hiyo nayo haikosi pumzi: huwa na vali ya usalama na chombo maalumu cha kupokea maji yaliyopanuka. Pipa letu halina hivyo viwili, kwa hiyo halifungwi. Hali kadhalika mitambo ya jua iliyo juu ya paa, yenye tangi juu ya vioo vyake, huzungusha maji kwa kanuni ile ile ya jaribio la pili. Aliyeelewa pipa la kuni hatakuwa mgeni huko.

UPIMAJI

Tumeacha kuuliza, "Taja hatua kumi na mbili." Sasa twauliza, "Nini kitatokea kama...?" Kama mtoto ataangusha tambara katika mdomo wa bomba la pumzi? Kama fundi atafunga koki ya maji baridi akasahau? Kama mwenye nyumba atataka bomba la pumzi likatwe kwa kuwa laharibu sura ya nyumba? Maswali haya hayajibiwi kwa kukariri.

Mtihani wa mwisho hufanyika uani. Mwanachuo husimama mbele ya watu wa nyumba hiyo, akina mama, vijana, na mzee wa kuwasha moto kama yupo, akawaeleza mtambo kwa maneno yao. Kisha sisi humuuliza mmoja wao, wala si mwanachuo, bomba lile la juu ni la nini. Akijua, mwanachuo amefaulu. Asipojua, tunarudi wote mwanzo.

Yule mwanachuo wetu alirudia somo pamoja na kundi lililofuata, kwa hiari yake, na siku ya majaribio alikuwa yeye aliyeshika chupa na wino. Gunzi lile tumelihifadhi katika rafu ya karakana. Kila mwaka tunalipitisha mikononi mwa wanachuo wapya, kisha tunawauliza: huyu aliyeliweka, alikosa nini? Mwanzoni husema alikosa akili. Jaribio la kwanza likiisha, hubadili jibu, wakasema alikosa mwalimu. Tunakubali, na ndipo tunapoanza kazi.